Steroidi za njia ya haja kubwa: maswali ya madhara tunayoulizwa sana dirishani

Watu wakija famasi kuulizia dawa hizi, sauti hushuka. Wapo wanaosubiri foleni iishe, wapo wanaoandika jina kwenye simu na kunigeuzia kioo nisome, na wapo wanaosema tu "ile ya kule". Hakuna ubaya. Shida ni kwamba aibu hiyo hiyo huwafanya waondoke bila kuuliza swali la pili, na swali la pili ndilo huwa na uzito. Haya ni maswali ambayo wateja wa hapa Dodoma mjini, na wanaokuja kutoka Kondoa, Mpwapwa na Manyoni, hurudi kuyauliza baadaye, mara nyingi kwa simu na mara nyingi usiku.

Hizi steroidi za njia ya haja kubwa ni dawa gani hasa?

Ni ndugu wa kotisoli, homoni ambayo mwili huitengeneza wenyewe kwenye tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo. Kazi yake ni kuzima uvimbe, wekundu na mwasho. Kwenye boksi utasoma haidrokotisoni, prednisoloni, betamethasoni au budesonidi. Huja kama marhamu yenye kijimdomo cha kupachika, kama sapozitori (vile vidonge vya umbo la risasi), kama maji ya enema (yanayoingizwa kwa chupa yenye ncha) au kama povu. Marhamu na sapozitori nyingi ni za bawasiri, na aghalabu zimechanganywa na dawa ya ganzi. Enema na povu huandikwa zaidi kwa wenye ugonjwa wa vidonda vya utumbo mpana, pale uvimbe unapokuwa sehemu ya mwisho ya utumbo.

Dawa naiweka huku chini. Inafikaje kwenye uso, sukari au usingizi?

Nikipewa nafasi ya kujibu swali moja tu katika ukurasa huu, ningejibu hili, kwa sababu karibu kila kosa ninaloliona linaanzia kwenye imani kwamba kilichowekwa chini hubaki chini.

Puru, yaani kile kipande cha mwisho cha utumbo, ina mishipa mingi ya damu. Damu ya sehemu yake ya juu hupitia kwenye ini kwanza. Damu ya sehemu ya chini huingia moja kwa moja kwenye mzunguko wa mwili mzima. Ini ni kama mizani ya malori: dawa ya kumeza lazima isimame pale, ipimwe, ipunguzwe mzigo. Dawa iliyowekwa chini kabisa ya puru imepita njia ya panya.

Sasa tazama hesabu. Enema ya haidrokotisoni ina miligramu 100. Kwa wagonjwa wenye vidonda vya utumbo mpana, hadi nusu ya dawa hiyo inaweza kuingia kwenye damu. Haidrokotisoni ya aina ya asetati hufika hadi asilimia 30, na sapozitori zake huingiza takriban robo. Mwili wa mtu mzima, kwa siku ya kawaida, hutengeneza kotisoli ya miligramu 10 hadi 20 hivi. Kwa hiyo enema moja ya usiku inaweza kuuletea mwili mara kadhaa ya kile ambao ungejitengenezea. Budesonidi ina afadhali: kiasi chake kinachofika kwenye ini huvunjwa, karibu asilimia 90, kabla ya kwenda kwingine. Ndiyo maana madaktari wengi huipenda. Lakini afadhali hailingani na sifuri.

Siku za kwanza nitegemee maudhi gani?

Kuwashwa kidogo, kuchomachoma dawa inapoingia, ukavu, hamu ya kwenda chooni papo hapo, pengine tone la damu kwenye karatasi. Haya ni maudhi madogo madogo na wengi huyazoea ndani ya siku chache. Kama kuchoma kunazidi kila siku badala ya kupungua, acha na uulize. Inawezekana mwili unakataa dawa yenyewe au kitu kilichochanganywa nayo, hasa ile ya ganzi.

Maumivu makali wakati wa kuingiza enema ni habari nyingine. Ncha ya chupa ikisukumwa kwa nguvu inaweza kuchana au hata kutoboa ukuta wa puru. Lala ubavu wa kushoto, kunja goti la kulia, paka mafuta kwenye ncha, ingiza taratibu ukielekeza usawa wa kitovu. Ukikutana na kizuizi, usishindane nacho.

Ngozi ya pale imekuwa nyembamba na imepauka. Ni dawa?

Huenda. Steroidi ikipakwa muda mrefu hula unene wa ngozi, ikaacha ngozi laini kama ya kitunguu, inayochanika kwa kujifuta tu. Rangi hupauka, vipele vya vinyweleo hutokea, na fangasi hupata makazi. Kisha mwasho hurudi, mtu anadhani bawasiri imezidi, anapaka zaidi. Huo ni mduara ambao wengine huzunguka kwa miezi.

Kwa marhamu za bawasiri unazonunua bila cheti, mwisho ni siku 7 mfululizo. Na niseme jambo ambalo watu hulificha: wapo wanaochukua krimu za kujichubua uso, ambazo baadhi zina klobetasoli, steroidi kali kuliko zote nilizotaja, wakapaka huko nyuma kwa sababu "iliondoa mwasho mara moja". Iliuondoa kweli. Nguvu ile haikutengenezwa kwa ngozi ya mahali pale, na kwa vile ngozi hapo imejikunja na ina unyevu muda wote, dawa hupenya zaidi.

Usingizi umekata na nakula kama nimetoka kulima. Ni kawaida?

Ni steroidi imeingia kwenye damu, ndiyo. Kukosa usingizi, hamu kubwa ya kula, wasiwasi, hasira za ghafla au furaha isiyo na sababu, haya huweza kuonekana hata ndani ya wiki ya kwanza. Kama unaweka mara mbili kwa siku, sogeza ile ya pili iwe mapema jioni. Enema haina ujanja huo, maana yenyewe inatakiwa ikae ndani angalau saa moja, na vizuri usiku kucha.

Familia izingatie upande wa akili. Mtu aliyekuwa mpole akianza kuongea bila kupumzika, kushuku watu au kusema hataki kuishi, asiachwe akapelekwa kuombewa tu. Aende hospitali akiwa na boksi la dawa.

Uso umejaa, nguo za kiunoni hazifungi, miguu imevimba. Jirani anasema nimenenepa vizuri.

Hapo jirani amekosea. Uso kuwa wa mviringo, mafuta kukusanyika tumboni na nyuma ya shingo huku mikono na mapaja yakikonda, michirizi myekundu tumboni, chunusi ukubwani, michubuko ya ngozi kwa kugongwa kidogo: ni picha ya steroidi iliyozidi mwilini kwa muda mrefu. Kwa dawa za njia ya haja kubwa haitokei mara nyingi kama kwa vidonge vya kumeza, ila hutokea, na huwapata zaidi wanaorudia dawa ile ile mwezi baada ya mwezi bila kuonwa na daktari.

Mengine ya muda mrefu hayaonekani kwenye kioo. Mifupa hupungua uimara. Misuli ya mapaja hulegea, ukaanza kushika ukuta kuinuka kwenye kigoda. Presha ya jicho hupanda na mtoto wa jicho huweza kuanza. Ukiona ukungu au mstari ulionyooka unaonekana umepinda, mwambie daktari kabla ya kwenda kununua miwani mnadani.

Nina kisukari. Nina presha. Niitumie?

Mara nyingi inawezekana, kwa sharti la kupima. Steroidi huinua sukari, na huufanya mwili ushikilie chumvi na maji, hivyo presha nayo hupanda. Panga na daktari mara ngapi upime katika siku hizo, na usijiongezee dozi ya insulini kwa kubahatisha.

Nimepata nafuu. Naweza kuacha leo?

Kama ni siku chache za marhamu ya bawasiri, acha, hakuna neno. Kama ni enema ya kila usiku kwa zaidi ya siku 21, au umekuwa ukitumia steroidi kwa kurudiarudia, usiache ghafla.

Sababu yake ni hizi tezi za juu ya figo. Zinapoona kotisoli inaletwa kutoka nje kila siku, hupumzika, kama kijana ambaye mjomba wake anamtumia hela kila mwezi. Siku mjomba anapokata bila taarifa, kijana hana hata nauli. Tezi huhitaji muda kuamka, na kwa mtu aliyetumia muda mrefu zinaweza kuchukua wiki hadi miezi. Katika kipindi hicho mwili hauna kotisoli ya kutosha: uchovu wa kupitiliza, kichefuchefu, kutapika, kizunguzungu ukisimama, maumivu ya tumbo, sukari kushuka. Ikikutana na malaria kali, ajali au upasuaji, presha inaweza kuanguka na mtu akapoteza maisha.

Kwa enema ya haidrokotisoni, utaratibu unaotumika sana ni kushuka kwa kuweka usiku mmoja na kuruka unaofuata, kwa wiki 2 au 3, kisha kuacha. Daktari wako anaweza kukupangia tofauti. Na ukilazwa, ukipelekwa chumba cha upasuaji, hata ukienda kung'olewa jino, mwambie nesi au daktari: "Nimekuwa nikitumia steroidi ya njia ya haja kubwa." Usisubiri uulizwe, kwa sababu swali la kawaida ni "unameza dawa gani?", na wewe humezi chochote, kwa hiyo utajibu hakuna.

Upande wa pili pia upo: kama wiki 2 au 3 zimepita na hakuna nafuu yoyote, kuendelea hakusaidii. Rudi ukachunguzwe upya.

Natoa damu chooni. Shemeji alikuwa na tatizo hilo na dawa zake zilibaki. Nitumie?

Hapana, na hapa nakaza uzi kidogo.

Kwetu, damu kwenye choo ina wazazi wengi. Bawasiri ni mmoja. Amiba ni mwingine, na ukimpa mwenye amiba steroidi umemfungulia adui mlango: dawa huzima kinga, amiba hula ukuta wa utumbo, na utumbo unaweza kutoboka. Dalili za amiba na za vidonda vya utumbo mpana hufanana sana, kuhara damu na kamasi, tumbo kusokota, hivyo huwezi kutofautisha kwa kutazama. Kipimo cha choo, choo kibichi kilichofika maabara bado cha moto, ni jambo la kwanza. Kuna pia kichocho cha tumbo, kuhara damu kwa bakteria, magonjwa ya ngono ya njia ya nyuma, na saratani. Steroidi inaweza kutuliza dalili za baadhi ya hayo kwa wiki mbili tatu huku ugonjwa ukiendelea chini kwa chini.

Halafu wapo minyoo waitwao strongiloidi, wanaopenya kwenye ngozi ya mguu usio na kiatu kutoka kwenye udongo wenye unyevu. Mkulima wa mpunga kule Bahi anaweza kuishi nao miaka mingi bila kujua. Kinga ikishushwa na steroidi, minyoo hao huzaliana na kusambaa mwili mzima, na hali hiyo huua. Madaktari wanaojua mazingira yetu huuliza habari ya kutembea peku na kulima majarubani, na wengine hutoa dawa ya minyoo hao kabla ya kuanza steroidi. Ukiulizwa, usidhani wanakudharau.

Kama choo kimeonekana safi na damu inaendelea, omba rufaa, iwe Hospitali ya Benjamin Mkapa au ya rufaa ya mkoa, uonwe na mtaalamu. Tabia ya utumbo ikibadilika ghafla, uzito ukashuka, au umevuka miaka 45, usiridhike na jibu la "ni bawasiri tu" lililotolewa bila mtu kukutazama.

Niliwahi kuugua TB. Nyumbani kuna mtoto ana tetekuwanga. Kuna hatari?

TB iliyolala inaweza kuamka kinga ikishuka, kwa hiyo taja historia hiyo, pamoja na kama unaishi na mtu anayekohoa muda mrefu. Tetekuwanga na surua huwa kali kwa anayetumia steroidi na hajawahi kuugua wala kuchanjwa. Ukikaa karibu na mgonjwa, nenda kituoni kabla vipele havijatoka. Chanjo zenye virusi hai, ya homa ya manjano kwa wasafiri ikiwemo, zijadiliwe kwanza.

Natumia ARV. Zinagombana?

Inategemea zipi. Mchanganyiko wenye dolutegraviri, ambao wengi wako nao sasa, hauna shida hii. Wenye shida ni walio kwenye dawa za mstari wa pili zenye ritonaviri, kama zile zinazoambatana na atazanaviri au lopinaviri. Ritonaviri huifunga ile mizani ya ini niliyoisema juu. Budesonidi, ambayo sifa yake yote ni kuvunjwa na ini, hapo haivunjwi. Hurundikana, na uso wa mviringo huja hata kwa dozi ndogo. Dawa za fangasi kama ketokonazoli na itrakonazoli hufanya hivyo hivyo. Rifampisini ya TB hufanya kinyume, huifagia steroidi haraka mno. Wapelekee CTC, kliniki unakochukulia ARV, boksi la dawa yako, hata kama hukuandikiwa na wao.

Karatasi ya dawa inakataza tunda fulani. Ni zabibu zetu hizi?

Swali hili sidhani kama linaulizwa mji mwingine wowote nchini. Tunda linalokatazwa ni balungi, ndugu wa chungwa aliye mkubwa na mchungu, kwa wanaotumia budesonidi. Jina lake la Kiingereza limebeba neno la zabibu ndani yake, ndipo watu wanapopotea. Zabibu za Dodoma kula tu, ukiwa na kisukari kula kwa kiasi.

Nina mimba. Au ni ya mtoto.

Wote wawili waamuliwe na daktari. Mjamzito wakati mwingine huandikiwa, kwa sababu ugonjwa wa utumbo ukiachwa uwake nao ni hatari kwa mimba. Mtoto ana mwili mdogo, dawa humwingia nyingi kwa uwiano, na ikirudiwa huchelewesha ukuaji wake wa kimo.

Joto la Novemba limeyeyusha sapozitori. Bado inafaa?

Soma boksi kwanza, nyingi huandikwa zihifadhiwe chini ya nyuzi 25 au 30, na mchana wa Oktoba na Novemba hapa huvuka hapo, chini ya bati ndiyo usiseme. Iliyolegea tu, itumbukize kwenye maji baridi na karatasi yake mpaka ikaze, kisha uivue. Iliyoyeyuka kabisa ikagandia upande, itupe, kwa sababu dawa inaweza kuwa imekusanyika upande mmoja na hujui unaingiza kiasi gani. Asiye na friji aifunge kwenye mfuko usiopitisha maji, aiweke pembeni ya mtungi mahali penye kivuli. Usiiache kwenye bodaboda wala kwenye dashibodi ya gari.

Mwezi wa Ramadhani nifanyeje?

Wanazuoni wametofautiana kama dawa ya njia ya nyuma inafunguza, muulize sheikh wako. Kitabibu, dozi ya mara moja kwa siku inaweza kuwekwa usiku baada ya futari bila hasara yoyote. Usiiruke mwezi mzima ukairudia Idi.

Inaathiri kondomu?

Sapozitori na marhamu za mafuta huweza kudhoofisha mpira wa kondomu, ikapasuka. Kipindi cha dawa, jizuieni au muulize mfamasia kuhusu zisizo za mpira huo.

Dalili gani hazisubiri asubuhi?

Tumbo gumu kama ubao lenye maumivu makali. Kutapika damu au choo cheusi kama lami. Damu nyingi kwa mpigo. Midomo, ulimi au uso kuvimba ghafla na pumzi kubana. Kuzimia, au kutapika kusikokoma kwa mtu aliyeacha dawa karibuni. Kuona vibaya ghafla. Na homa, hata ndogo: steroidi hufunika homa na maumivu, hivyo homa ya 37.8 kwako inaweza kuwa sawa na ya 39 kwa mwingine. Kwa sababu hiyo hiyo, mwenye jipu huko nyuma, mwenye fistula kubwa ya utumbo (tundu linalotokea pasipostahili), aliyeziba utumbo au aliyeunganishwa utumbo karibuni hapaswi kabisa kupewa dawa hizi.

Nimepata dhara ambalo halijaandikwa kwenye karatasi. Nimwambie nani?

Mwambie aliyekupa dawa, naye anatakiwa kuliripoti TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ambayo ina ofisi hapa hapa Dodoma. Mgonjwa mwenyewe pia anaweza kuripoti. Usitupe boksi, kwa kuwa namba ya toleo iliyopigwa ubavuni mwake ndiyo watakayoiulizia kwanza. Kama kilichobaki ni karatasi ya rangi ya fedha iliyofunika sapozitori, njoo nayo hiyo hiyo.